Kati ya "Kawia Ufike" na "Chelewa Chelewa"

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kukutana na mwanafunzi wa aina ile akaaye kimya mwezi mzima, kisha siku moja akanyosha kidole na kuliangusha somo zima kwa swali moja. Sisi tulikutana naye mjini Muyinga, kaskazini mashariki ya Burundi, mwanzoni mwa Septemba mwaka 2014. Siku hiyo tulikuwa tukifundisha methali. Tuliandika ubaoni "Kawia ufike", tukaieleza kwa mifano. Chini yake tukaandika "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", nayo tukaieleza kwa mifano. Mtoto akasimama, akauliza: "Mwalimu, sasa mtu afuate ipi?"

Tulimjibu kama walimu wengi wajibuvyo, kwamba kila methali ina mahali pake. Jibu hilo si la uongo, lakini halina msaada wowote, kwa sababu mtoto hakutaka kujua kama methali zina mahali. Alitaka kujua mahali penyewe ni wapi. Mwezi ule ule bustani ya shule ilitufundisha uzito wa swali lake, na ada ya mafunzo hayo ililipwa na watu wengine. Ndiyo sababu tumeona tuandike.

Kwanza yafaa tumweleze msomaji wa mbali jinsi mwaka wetu ulivyo. Katika nchi za Ulaya mwenye bustani huogopa baridi. Hata jua la majira ya kuchipua likianza kurudi, usiku mmoja wa jalidi waweza kuua miche yote. Kwa hiyo wakulima wa Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani wana desturi ya kale ya kungoja mpaka zipite siku za katikati ya Mei, tangu tarehe 11 hadi 13, ambazo huziita siku za Watakatifu wa Barafu, ndipo watoe nje mimea isiyovumilia baridi. Sisi wa Gitega na Muyinga hatungoji joto, twangoja maji. Mwaka wetu wa kilimo una misimu mitatu, na kila mtoto wa Burundi ayajua majina yake kwa Kirundi. Upo Agatasi, uanzao na mvua za Septemba na Oktoba. Upo Impeshi, uanzao Februari au Machi baada ya mvua kupumzika kidogo. Kisha upo Ici, kiangazi kirefu kianzacho Juni, ambapo jembe huteremka kutoka mlimani na kwenda bondeni kutafuta unyevu. Maofisa wa kilimo huiita kwa kifupi msimu A, msimu B na msimu C.

Hapo tayari mwalimu wa Kiswahili ana kazi. Vitabu vyetu vyasema kuna masika na vuli, kipupwe na kiangazi. Majina hayo yalizaliwa pwani, na huko yana maana kamili: masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, na vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba. Lakini mtoto wa Muyinga akiambiwa kwamba vuli ni mvua ndogo, hutazama nje akaona Novemba inavyobomoa barabara, akatazama tena kitabu, akanyamaza. Kwake yeye mwaka wa shamba waanza na mvua hizo hizo ziitwazo ndogo. Twaona si dhambi kumwambia kwamba neno limetoka mbali na kwamba mvua yake ina jina lake. Dhambi ni kumfundisha kuliamini neno kuliko macho yake.

Sasa turudi bustanini. Sisi tulikuwa wageni Muyinga. Miaka mingi tulikuwa tumeishi Gitega, na huko tulikuwa na kibustani chetu cha mboga kilichotupatia kabichi, karoti, vitunguu na lengalenga, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita mchicha. Kila mwaka, ikifika katikati ya Septemba, mvua ya kwanza ikinyesha, kesho yake tulisia mbegu, na kila mwaka ziliota. Basi tukajihesabu kuwa watu wajuao kilimo. Tulipohamishiwa Muyinga kwa njia ya Karuzi, na mizigo yetu juu ya lori, tuliichukua tarehe yetu pamoja na vyombo vya nyumbani.

Shule tuliyofika ilikuwa na kiwanja kizuri mlimani nyuma ya madarasa. Tukawashauri wazazi kwamba ilimwe bustani ya mboga, na mapato yake yanunue madaftari kwa watoto wasio na uwezo. Wazazi walikubali, wakachanga fedha za mbegu. Msomaji asidhani zilikuwa fedha nyingi. Lakini kila noti ilikuwa imekunjwa mara nne na kutolewa pembeni mwa kitenge, na fedha itokayo pale ni nzito kuliko ionekanavyo.

Mbegu za karoti zilikuja katika pakiti nzuri za rangi, zimeandikwa kwa Kifaransa. Nyuma ya pakiti palikuwa na kijisanduku kinachoonyesha miezi ya kusia nje bustanini: tangu Machi hadi Juni. Mwalimu mwenzetu mmoja, kijana mwenye kuheshimu maandishi, alisema mbegu hizo ziwekwe hadi Machi. Tulimcheka. Tulimweleza kwamba miezi hiyo ni ya nchi zenye theluji, na kwamba mtu akisia karoti mlimani Muyinga mwezi wa Juni, atakuwa anazizika. Katika jambo hilo tulikuwa na haki. Lakini tulimcheka mwenzetu kwa kufuata karatasi ya Ulaya, kumbe nasi tulikuwa na karatasi yetu, iliyopigwa chapa Gitega, ila yetu tuliibeba kichwani isionekane na watu.

Karibu na katikati ya Septemba mvua ilinyesha jioni moja, kwa kishindo, yapata saa nzima. Ardhi ilinukia ile harufu tamu ambayo huwafanya watu wazima wasimame mlangoni bila sababu. Asubuhi tuliwatoa wanafunzi na majembe. Tulikuwa tungali tukipiga mistari kwa kamba alipopita mama mmoja mzee, jirani wa shule, mwenye shamba lake upande wa pili wa njia. Baada ya kusalimiana alisimama akitazama, kisha akasema kwa upole:

"Mwalimu, mvua hii imekuja kupiga hodi tu. Bado haijaingia ndani."

Sisi, kwa kuwa methali ni kazi yetu, tukamjibu: "Mama, dalili ya mvua ni mawingu."

Akacheka. "Dalili, Mwalimu. Hata wewe umesema dalili."

Akaenda zake. Tukasia mbegu zote siku ile ile, mpaka pakiti ya mwisho.

Zilifuata siku 17 za jua. Lengalenga iliota upesi, ikawa kama vumbi jekundu na kijani juu ya matuta, kisha ikakauka mbele ya macho yetu. Karoti hazikuonekana kabisa. Wanafunzi walileta maji nyumbani kwa vidumu, lakini kisima kilikuwa mbali, na maji ya kidumu kimoja kwenye tuta lililokauka hayafiki hata kidole kimoja chini. Siku moja tulimkuta yule mtoto wa swali la methali amechuchumaa, akifukua udongo kwa kijiti. Alitutolea mbegu ya karoti juu ya ukucha. Ilikuwa imepasuka, na kijizizi cheupe kimetoka, chembamba kuliko uzi, kimekauka.

Alisema: "Ilikuwa imeanza kuamka."

Hapo ndipo palipo na siri yote ya jambo hili, na mtoto aliiona kabla yetu. Mbegu kavu katika ardhi kavu haina haraka. Imelala, na aghalabu yaweza kungoja. Lakini mbegu ikishakunywa maji na kusukuma mzizi, haiwezi tena kurudi kulala. Tangu saa hiyo yahitaji unyevu kila siku, ama itakufa. Kwa hiyo mvua moja kubwa ikifuatiwa na jua yaweza kuwa na hasara kuliko kutonyesha kabisa, maana huiamsha mbegu kisha ikaiacha njiani. Karoti ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwani huchukua wiki mbili hata tatu kuchomoza, na mbegu yake ni ndogo mno hata haiwezi kusiwa chini sana. Hukaa katika ule udongo wa juu kabisa ambao jua huukausha na kuufanya ganda gumu.

Na kule Gitega je? Tulijiuliza usiku mwingi kwa nini kule hatukuwahi kushindwa. Jibu lilipokuja halikutupendeza. Bustani yetu ya Gitega ilikuwa kando ya kijito. Kila mvua ilipokatika tulichota maji hatua kumi tu kutoka matutani, tukamwagilia, tukasahau kwamba tumemwagilia. Tulidhani twaijua mvua, kumbe kijito ndicho kilichokuwa kikitufichia ujinga wetu.

Ikabidi kuwaeleza wazazi. Tulikutana Jumamosi moja chini ya mti, tukasema kwa lugha sanifu kwamba msimu haukuwa mzuri, kwamba mbegu zilisiwa mapema, kwamba sote tumepata funzo. Mzazi mmoja akauliza: "Nani aliyechagua siku?" Tukajibu: "Tulichagua sisi." Akauliza tena, bila hasira: "Sisi nani?"

Ndugu walimu, lugha yetu ina adabu nyingi, na mojawapo ni kumruhusu mwandishi na msemaji ajisitiri ndani ya neno "sisi". Twalitumia hata katika makala haya. Lakini siku ile halikutufaa. Wanafunzi walikuwa wameshika majembe, hawakuchagua. Wazazi walikuwa wamechanga, hawakuchagua. Ilitulazimu kusema "mimi", mbele ya watu wapatao 60, na neno hilo fupi lilikuwa zito kulitamka kuliko hotuba yote iliyotangulia.

Siku ya pili yule mama mzee alikuja shuleni na kikopo kilichofungwa kwa kitambaa. Kilikuwa na mbegu za lengalenga na za nyanya chungu. Tulikataa kwa aibu. Akasema hakutupa sisi, aliwapa watoto. Kisha akatueleza jinsi anavyoweka mbegu zake. Huzigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mvua inayobisha hodi, kwa sababu pengine kweli imekuja kukaa, na anayewahi huuza mboga kabla ya wengine. Fungu la pili, lililo kubwa, ni la mvua iliyokwisha kuingia. Fungu la tatu, alisema, ni la kuficha aibu. Tulichopewa kilitoka katika fungu hilo la tatu, na tulijua maana yake: msimu ule yeye angeendelea bila mlinzi.

Alitufundisha pia kuuliza ardhi badala ya kuuliza mawingu. Mtu huchimba kwa jembe baada ya mvua, akatazama unyevu umefika wapi. Ukiwa wa kidole tu, ni hodi. Ukifika urefu wa kiganja na zaidi, mvua imekaa kitako. Kisha hushika udongo wa chini, akaufinyanga mkononi: ukivunjika kama unga, bado, ukishikana bila kutoa maji, wakati umefika, ukinata kama tope, aache siku mbili, maana mbegu nazo huoza. Tena asisie baada ya mvua moja, bali angoje ya pili na ya tatu zifuatane bila kuachana mno. Tulisia mara ya pili wiki ya kwanza ya Oktoba, tukafunika matuta kwa majani makavu ya migomba. Lengalenga ile ilinunua madaftari machache. Karoti hatukuwa nazo tena.

Lau hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi rahisi ya mzee ajuaye na msomi asiyejua, na wasomaji wetu wamezisoma nyingi za namna hiyo. Lakini haikuishia hapo. Mwaka 2016 ukame uliikumba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki katika mvua za mwisho wa mwaka, nasi wa kaskazini mwa Burundi hatukuachwa. Dalili zote za yule mama zilitokea. Umurinzi, ule mti utoao maua mekundu kabla ya majani, ulichanua kama desturi. Kumbikumbi waliruka. Ardhi ililowa zaidi ya kiganja. Akasia fungu la kwanza, akasia la pili. Mvua ikakatika, na yote mawili yakaungua.

Tulimwendea kumpa pole, na tukachukua mbegu kutoka akiba ya shule, kwa sababu tangu aibu ile nasi tulikuwa tunaweka fungu la tatu. Alizipokea bila maneno mengi. Tulipomuuliza kama umurinzi umesema uongo, alitikisa kichwa. "Mti haukusema uongo. Umesema kiangazi kinaisha, na kimeisha. Hakuna aliyeuuliza mvua itakaa siku ngapi."

Tangu siku hiyo tumefikiri sana juu ya nani hasa anayestahili kuchagua siku. Wazee wetu walikuwa na jibu. Katika ufalme wa Burundi palikuwa na sherehe ya Umuganuro, iliyofanywa kila mwaka karibu na mwezi wa Desemba. Mwami, yaani mfalme, alionja chakula cha mtama, ngoma takatifu Karyenda ilitolewa, na baada ya hapo ndipo nchi ilipofunguliwa kusia mtama. Sherehe hiyo ilikoma wakati wa utawala wa Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1920. Watu wengi leo huikumbuka kwa ajili ya ngoma zake, na ni haki, kwani uchezaji wa ngoma ya kifalme uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, na wageni hufika Gishora, kilomita chache kutoka Gitega, kuzisikia. Lakini mwenye kusia mboga huiona sherehe hiyo kwa jicho lingine. Twaona kwamba pamoja na utukufu wa mfalme, iliwapa watu faraja moja: wote walisia pamoja. Ndege wakija waligawana mashamba yote. Mvua ikikatika iliwakatikia wote. Wala hakuna mkulima aliyesimamishwa chini ya mti na kuulizwa "sisi nani".

Ndugu zetu wa pwani nao walitafuta msaada katika hesabu. Waliufuata mwaka wa jua wa siku 365 uanzao siku ya Nairuzi, ambayo hata leo husherehekewa Makunduchi, Unguja, kwa Mwaka Kogwa. Waliugawa mwaka huo katika miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi, na mkulima aliweza kusema kwamba mvua fulani ni ya mwongo fulani. Ni hesabu nzuri. Hata hivyo, kwa kuwa haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, Nairuzi husogea nyuma polepole karne hadi karne. Hata kalenda iliyotungwa na wajuzi yahitaji mtu wa kuitazama na kuisahihisha.

Siku hizi tunao wataalamu wa hali ya hewa. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya msimu na kutoa utabiri wa pamoja, Burundi ikiwamo, na IGEBU, taasisi yetu ya jiografia, hutangaza habari za hali ya hewa nchini. Wametufundisha mambo ambayo umurinzi haukuweza kuyajua: kwamba joto la bahari zilizo mbali huamua sehemu ya mvua zetu, kwamba miaka ya El Niño aghalabu hutuletea mvua nyingi za Oktoba hadi Desemba, na miaka ya La Niña aghalabu hutupunguzia. Tusidharau elimu hii. Lakini utabiri husema kwamba mvua za eneo yamkini zitazidi au zitapungua. Hausemi kwamba tuta lililo nyuma ya madarasa lisiwe Jumanne. Kati ya utabiri na tuta kuna nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe na mtu.

Basi mtu huyo afanyeje? Sisi tumefikia jambo moja, nalo si la fahari. Siku ya kusia haijulikani, huchaguliwa. Na kwa kuwa huchaguliwa, anayechagua hana budi kufanya mambo mawili: apange jinsi ya kukosea bila kuangamia, na akubali kutajwa kwa jina. Kabichi, nyanya na vitunguu visiwe katika kitalu kidogo chini ya kivuli cha nyasi mwishoni mwa Agosti, ambapo vidumu vichache vya maji vyatosha. Baada ya wiki nne hadi sita miche iko tayari, na ikihamishwa mvua zimekwisha jionyesha tabia. Karoti, ambayo haipendi kuhamishwa, ingoje ardhi yenyewe. Lengalenga isiwe kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Na fungu la tatu lisiguswe mpaka Novemba. Akiba haiozi, walisema wahenga, ijapokuwa mbegu yahitaji kuwekwa pakavu ili methali hiyo iwe kweli.

Jambo jingine ni daftari. Tulianza nalo Muyinga mwaka 2015: daftari la kawaida la mistari, ambamo wanafunzi huandika tarehe ya mvua ya kwanza, kina cha unyevu, tarehe ya kusia, tarehe ya kuota, na jina la aliyeamua. Mwanzoni watoto walilichukia. Baadaye waligombania zamu. Somo la insha halikupata kamwe sentensi safi kama zile: "Mvua imebisha. Udongo umelowa kidole kimoja. Tumeamua kungoja. Aliyeamua ni mimi." Kiswahili chao kilinyooka kwa sababu walikuwa na jambo la kusema.

Mwaka 2019, mwaka uleule Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, tulirudishwa huku, na hatimaye tukapata tena kipande kidogo cha bustani. Safari hii tulikitafuta mbali na kijito. Jirani zetu walidhani tumekosa chaguo. Yule mama wa Muyinga alifariki miaka miwili baadaye. Habari zilipotufikia ilikuwa Septemba, na tuliona haya kwamba jambo la kwanza tulilowaza lilikuwa kama mbegu zake zilipata mrithi. Zilipata: binti yake huzigawa mafungu matatu.

Tunawaomba basi walimu wenzetu wa chama hiki, popote walipo, watuletee maneno mawili matatu. Kwenu mvua ya uongo huitwaje? Mwaitambuaje mvua ya kweli? Nani huchagua siku, na hukiri vipi akikosea? Maneno hayo ni Kiswahili chetu pia, ijapokuwa hayamo katika kamusi, na wenye kuyajua hawakai miaka mia.

Na yule mtoto aliyetuuliza afuate methali ipi amekuwa kijana sasa. Zamani tungependa kumwambia kwamba jibu ni kawia ufike. Na baada ya mwaka 2016 pengine tungesita. Leo tungemwambia kwamba wahenga walituachia methali zote mbili kwa sababu walikuwa na mbegu zaidi ya fungu moja. Twasikia bado hupita shuleni mwezi wa Septemba, akafungua daftari kutazama walioko sasa wameandika nini, kisha akaenda kuchimba kwa jembe kabla ya kusema lolote.